Mashine ya kadi au Lipa Namba: piga hesabu kabla ya kusaini

Tangu tuzungumzie malipo ya kielektroniki kwenye kipindi cha asubuhi, swali linaloingia kwa wingi kwenye simu ya studio ni moja, ingawa kila mtu analiuliza kwa namna yake. Mwenye nyumba ya wageni Karatu anataka kujua benki gani ina mashine nzuri ya kadi. Muuza vinyago wa Mto wa Mbu anauliza kama ni kweli mashine hizo zinatolewa bure. Mama mwenye duka la vyakula Mang'ola anauliza kama na yeye achukue, maana afisa mauzo ameshapita dukani mara mbili na fomu mkononi.

Hatutataja benki moja na kusema chukua hii. Viwango vya makato hubadilika, na jirani yako anaweza kupewa kiwango tofauti na chako kwenye benki hiyo hiyo. Tunachoweza kufanya ni kuonyesha pesa inakatwa wapi, ili afisa mauzo akija tena umuulize maswali yanayomlazimu kujibu kwa shilingi.

Suala hili limekuwa kubwa kwenye eneo letu kwa sababu ya dola. Kuanzia tarehe 28 Machi 2025, kanuni mpya zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Zamani mgeni wa kizungu aliweka noti ya dola 50 mezani na mambo yakaisha. Sasa bei ni ya shilingi, na mgeni ana njia tatu: abadilishe fedha benki au kwenye duka la kubadilishia fedha, atoe shilingi kwenye ATM, au alipe kwa kadi. Wengi wakifika kijijini hawana shilingi za kutosha. Asiye na mashine anaweza kumpoteza mgeni huyo. Aliye na mashine mbaya anampata, lakini anagawana naye faida bila kujua.

Makato yanatoka kwenye mauzo, siyo kwenye faida

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Ukisikia "asilimia mbili na nusu tu", inasikika kama kitu kidogo. Lakini asilimia hiyo inakatwa kwenye fedha yote aliyolipa mteja, siyo kwenye kile kinachobaki mfukoni mwako.

Tumchukue yule mama wa Mang'ola. Tuseme mteja amenunua sukari, mchele na mafuta ya kula ya shilingi 100,000, na mzigo huo yeye aliununua kwa shilingi 93,000. Faida yake ni 7,000. Mteja akilipa kwa kadi na makato yakiwa asilimia 2.5, zinakatwa shilingi 2,500. Juu ya makato hayo kuna VAT ya asilimia 18, yaani shilingi 450 nyingine. Jumla 2,950. Kwenye faida ya 7,000 amebakiwa na 4,050, na bado hajalipa kodi ya pango, umeme wala kijana wa dukani. Zaidi ya asilimia 40 ya faida imeondoka kwa kupitisha kadi mara moja.

Mwenye nyumba ya wageni ni mtu mwingine. Chumba kikilala bure leo, usiku huo haurudi tena. Gharama ya shuka, maji na chai ni ndogo ukilinganisha na bei ya chumba, kwa hiyo makato hayo hayo ya asilimia 2.5 yanauma kidogo, na mgeni aliyepatikana kwa sababu ya mashine ni faida tupu.

Kwa maoni yetu, duka la kawaida la vyakula kijijini, ambalo wateja wake ni majirani, halihitaji mashine ya kadi. Afisa mauzo ana idadi ya mashine anazotakiwa kuzigawa na hiyo ndiyo kazi yake, hatumlaumu. Lakini mtaji ni wako.

Nani anagawana hayo makato

Mteja anapoweka kadi kwenye mashine yako, watu wanne wanahusika nje ya wewe mwenyewe. Kuna mteja. Kuna benki iliyompa kadi, labda ya Ujerumani au Marekani. Kuna mtandao wa kadi, kama Visa, Mastercard au UnionPay, unaopeleka taarifa huku na huko. Na kuna benki au kampuni iliyokupa wewe mashine. Makato unayolipa yanagawanywa kwa hao watatu wa mwisho, na kwa kawaida fungu kubwa linakwenda kwa benki iliyompa mteja kadi.

Ukishajua hilo, utaelewa kwa nini kadi hazifanani. Kadi ya kawaida ya benki ya hapa nchini mara nyingi ina gharama ndogo. Kadi ya mkopo kutoka nje, hasa zile za watu wenye fedha zinazowapa pointi za safari za ndege, ina gharama kubwa, maana zile pointi lazima zilipwe na mtu. Sehemu ya mtu huyo ni wewe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa afisa mauzo liwe hili: "Kiwango ulichoniambia ni cha kadi zote, au ni cha kadi za hapa nchini tu? Kadi ya nje ni ngapi?" Kuna watu wanaonyeshwa kiwango cha kadi ya ndani wakati wateja wao wote wa kadi ni watalii.

Na msidhani makato haya yameshuka kutoka mbinguni. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka kikomo kwa lile fungu la benki iliyotoa kadi: asilimia 0.2 kwa kadi za kawaida na 0.3 kwa kadi za mkopo za wateja binafsi, kwa malipo yanayofanyika ndani ya Umoja huo. Kikomo hicho hakituhusu sisi hapa Karatu. Tumekitaja ili ujue kwamba viwango hupangwa na watu, na kinachopangwa na watu kinaweza kujadiliwa.

Kiwango kidogo kinaweza kuwa ghali

Tuseme benki mbili zimekuja kwa mwenye nyumba ya wageni. Ya kwanza inakata asilimia 2.5, na mashine haina kodi ya mwezi. Ya pili inakata asilimia 1.8 tu, lakini mashine ina kodi ya shilingi 60,000 kila mwezi. Tuiache VAT pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Wengi wangekimbilia ya pili kwa sababu 1.8 ni ndogo kuliko 2.5.

Mwezi wa kawaida, wageni wamelipa kwa kadi shilingi 4,000,000. Benki ya kwanza inachukua 100,000. Ya pili inachukua 72,000, ongeza kodi ya 60,000, inakuwa 132,000.

Agosti, watalii wamejaa, kadi zimelipa 12,000,000. Ya kwanza inachukua 300,000. Ya pili 216,000 na kodi 60,000, jumla 276,000. Hapa ya pili ni nafuu.

Aprili, masika, barabara tope, wageni wawili watatu, kadi zimelipa 500,000. Ya kwanza inachukua 12,500. Ya pili 9,000 na kodi ile ile ya 60,000, jumla 69,000. Karibu asilimia 14 ya ulichouza.

Sasa chukua mwaka mzima: miezi 4 ya msimu, miezi 6 ya kawaida na miezi 2 ya masika. Benki ya kwanza itakuwa imechukua 1,825,000. Ya pili 2,034,000. Ile yenye asilimia ndogo imekugharimu shilingi 209,000 zaidi. Kwa viwango hivi, ya pili inaanza kuwa nafuu pale tu mauzo ya kadi yanapozidi kama milioni 8 na nusu kwa mwezi. Kama kwako kila mwezi ni Agosti, ichukue. Huku kwetu miezi haifanani, kwa hiyo kuwa mwangalifu sana na gharama yoyote inayolipwa kila mwezi hata kama mashine imelala kabatini.

Gharama hizo zina majina mengi. Nyingine inaitwa kodi, nyingine ada ya huduma, nyingine kiwango cha chini cha mauzo, ambapo usipofikisha mauzo fulani unakatwa tofauti. Neno "bure" lisikutulize. Uliza bure mpaka lini, ikiharibika nani anatengeneza, ikiibwa nalipa kiasi gani, na karatasi za risiti nanunua mimi au mnaleta ninyi. Pia uliza kama VAT iko ndani ya kiwango ulichotajiwa au inaongezwa juu yake.

Njia rahisi ni kumpa afisa mauzo mfano wako mwenyewe. Mwambie: "Mwezi uliopita ningeuza kwa kadi milioni tatu, zote kadi za nje. Ningebakiwa na shilingi ngapi kwenye akaunti yangu?" Akuandikie jibu kwenye karatasi na aweke jina lake. Anayekwepa kuandika amekujibu tayari.

Pesa inaingia lini

Kwenye mashine, mteja akiondoka pesa bado haijawa yako. Baadhi ya watoa huduma wanaiingiza kwenye akaunti siku inayofuata ya kazi, wengine wanachelewa zaidi. Zingatia maneno "siku ya kazi". Mgeni akilipa Ijumaa jioni, unaweza kuiona Jumatatu au Jumanne, na ikiangukia sikukuu, hata baadaye. Wakati huo huo Jumamosi wageni wapya wanataka kula, na muuza kuku hataki kusikia habari za siku ya kazi. Mtu wa hivyo huishia kukopa kwa riba ili asubiri pesa yake mwenyewe, na riba ile hakuna anayeihesabu kwenye gharama za mashine. Kama una wageni wengi wa mwisho wa wiki, benki inayokata zaidi kidogo lakini inalipa haraka inaweza kukufaa.

Uliza pia kama unalazimika kufungua akaunti kwenye benki hiyo hiyo, na tawi au wakala wake wa karibu yuko wapi. Nauli ya kwenda mjini kufuata pesa ni makato pia.

Na kabla ya chochote, jaribu mtandao. Mashine nyingi zinatumia laini ya simu ndani yake. Kama laini ile haishiki kijijini kwako, utakuwa unapanda kilimani na kadi ya mgeni mkononi, jambo ambalo mgeni hatalipenda hata kidogo. Omba mashine ijaribiwe pale pale mezani kwako, jioni, wakati watu wengi wako kwenye simu. Uliza pia kinachotokea mtandao ukikatika katikati ya malipo: mteja amekatwa kwao, mashine yako inasema muamala umeshindikana. Taka namba ya kupiga usiku, siyo ya saa za ofisi tu.

Mgeni anapoikana risiti

Hili maafisa mauzo wengi hawalitaji. Mwenye kadi ana haki ya kupinga malipo kwenye benki yake. Anaweza kusema hakuyafanya, au alilipishwa mara mbili, au huduma hakuipata. Benki yake ikikubali, pesa inarudishwa kutoka kwako, hata kama umeshaitumia. Kwa madai mengi muda huo unafika siku 120. Mgeni wa Agosti anaweza kukusumbua Novemba.

Kinga yako ni ushahidi. Tunza nakala ya kila risiti ya mashine kwa mwaka mzima, pamoja na kitabu cha wageni chenye sahihi na tarehe. Risiti nyingi za mashine hufifia wino ukiziacha juani, basi zipige picha. Kadi ya chipu iliyotumiwa kwa namba ya siri ni vigumu kuikana. Hatari iko kwenye malipo ambayo kadi haikuwepo, mfano mgeni amekupigia simu akakusomea namba za kadi ili uzibonyeze kwenye mashine. Hayo yakipingwa, karibu kila mara wewe ndiye unayeshindwa. Na namba za kadi za watu usiziandike kwenye daftari la mapokezi hata siku moja.

Wengine wanauliza kama wanaweza kumwongezea mteja wa kadi asilimia tatu au tano ili kufidia. Tunaliona likifanyika. Soma mkataba kwanza, maana mikataba mingi inakataza, na ukiripotiwa unaweza kunyang'anywa mashine. Salama zaidi ni kupanga bei moja inayobeba gharama zako zote.

Na kwa wanaochanganya: mashine ya kadi siyo ile ya EFD ya TRA. Kuwa na moja hakukuondolei wajibu wa kuwa na nyingine.

Lipa Namba kwa sisi wengine

Turudi kwa mama wa Mang'ola na wenzake, ambao ndio wasikilizaji wetu wengi. Kwao ushindani siyo kati ya benki na benki, ni kati ya namba ya kawaida ya simu na Lipa Namba.

Ukipokea kwa namba yako ya kawaida, mteja anakatwa gharama ya kutuma, na wewe unamwambia "weka na ya kutolea". Kwenye bei ndogo hapo ndipo mteja anaposema basi, nitakuja kesho na taslimu. Tatizo lingine ni kwamba pesa ya duka inachanganyika na ya ada ya mtoto na ya mchango wa harusi, na mwisho wa mwezi hujui duka limeingiza nini.

Lipa Namba inatenganisha hesabu hizo. Inatolewa na mitandao ya simu na benki pia, na siku hizi mteja wa mtandao mwingine anaweza kukulipa, kwa kuwa Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha benki na mitandao ya simu, na msimbo wa pamoja wa kuskani uitwao TANQR. Kwa hiyo huna sababu ya kubandika namba tano ukutani. Chagua ile ambayo wateja wako wengi wako kwenye mtandao wake, kisha uliza gharama za pande zote mbili: mteja akilipa anakatwa ngapi akiwa mtandao huo, anakatwa ngapi akiwa mtandao mwingine, na mimi nakatwa ngapi nikipokea na nikitoa.

Hilo la kutoa ndilo kubwa. Kila unapoigeuza pesa ya simu kuwa noti kwa wakala, unalipa. Msambazaji wako wa soda au wa unga akikubali kulipwa kwa Lipa Namba au benki, mlipe humo humo, usiitoe kwanza. Mtu anayetoa kidogo kidogo kila jioni analipa kuliko anayetoa mara moja kwa wiki, kwa sababu makato ya kutoa yamepangwa kwa madaraja. Fungua jedwali la mtandao wako uangalie daraja lako linaishia wapi.

Usimkabidhi mteja mzigo kwa kuangalia ujumbe kwenye simu yake. Ujumbe wa kughushi unatengenezwa kirahisi. Angalia salio lako au ujumbe ulioingia kwenye simu yako mwenyewe. Kibandiko cha msimbo ukutani nacho kikague kila asubuhi, jiskani mwenyewe uone jina linalotokea ni lako, kwa sababu mtu anaweza kubandika chake juu yake. Ujumbe wa kitapeli unaoingia kwenye simu utume kwenda 15040, namba ya TCRA.

Kabla ya sahihi

Mtoa huduma za malipo nchini anatakiwa kuwa na leseni au kibali cha Benki Kuu ya Tanzania, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Kampuni usiyoifahamu ikikuletea mashine, omba kuona leseni, kisha ulinganishe na orodha iliyoko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kama huna bando, mpe kijana wa shule akuangalizie.

Mkataba ukiwa kwa Kiingereza, usione aibu kusema ufafanuliwe kwa Kiswahili kipengele kwa kipengele. Kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma aweke wazi gharama na masharti kabla hujakubali. Vipengele vya kutafuta kwa kidole ni viwili. Kimoja kinasema kiwango kinaweza kubadilishwa; je, utapewa taarifa siku ngapi kabla? Kingine kinasema ukitaka kurudisha mashine unalipa nini. Msikilizaji wetu mmoja alirudisha mashine baada ya miezi mitano akakuta anadaiwa kodi ya miezi saba iliyobaki, kwa sababu alisaini mwaka mzima akidhani ni mwezi kwa mwezi.

Nyumba za wageni za mtaa mmoja zikienda pamoja zikiwa na mauzo yaliyoandikwa ya miezi mitatu, zina nguvu ya kuomba kiwango kipunguzwe. Mmoja mmoja mtachukua kilichochapwa kwenye fomu.

Ukikatwa usichoelewa, anza kwa kuandika barua au barua pepe kwa mtoa huduma, na tunza nakala na tarehe. Malalamiko ya simu peke yake hayaachi alama. Wakikaa kimya au jibu lisikuridhishe, peleka nakala hizo kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Kwa sisi wa kanda hii, tawi la karibu la Benki Kuu liko Arusha mjini.